Kioo Kisichosikia Kidole

Machi 3, Jumatatu

Barua imekuja. Mdogo wangu amenisomea akiwa bado amesimama mlangoni, hata viatu hajavua. Maktaba kuu imepata fungu la kununua mashine sitini za kusomea vitabu, zile ndogo za kubeba, kwa ajili ya wasomaji wasioona. Inaunda kamati ya watu watano ichague zinunuliwe za aina gani. Mimi ni mmoja wa hao watano. Nilimwambia arudie hapo kwenye jina langu. Akarudia, akacheka.

"Dada, umekuwa mheshimiwa."

Wale wanne wanaona. Sikuuliza, nilijua tu.

Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye ubao wa simu wa hospitali nikiunganisha watu na habari za wagonjwa wao, na mpaka leo mtaani wananiita Opereta. Tangu nistaafu hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje jambo lolote. Kwa hiyo nimefurahi, sifichi. Ninaandika haya kwa nukta nundu, ambazo mdogo wangu hakutaka kujifunza hata siku moja. Anasema kalamu yangu ya chuma inadonoa kama kuku kwenye sinia. Acha idonoe.

Machi 6, Alhamisi

Kikao cha kwanza, kwenye jengo la nyuma la maktaba. Mdogo wangu ni karani pale, wa mkataba wa mwaka mwaka, na ndiye atakayeandika mihtasari. Alinishika mkono mpaka kwenye kiti.

Mkutubi mkuu ana sauti laini, ya mtu aliyezoea kukataa watu bila kuwaudhi. Akamuuliza mdogo wangu, "Amekaa vizuri?"

Nikasema, "Amekaa vizuri, na masikio anayo."

Wakacheka kidogo, halafu mtu akakohoa. Nikaomba jambo moja tu: mashine zisichaguliwe kwa kuangaliwa mezani, zipelekwe kwa wasomaji wenyewe wazijaribu. Mkutubi akasema hilo ni wazo zuri sana. Alisema "sana" mara tatu. Kwenye ubao wa simu nilijifunza kuwaogopa watu wa namna hiyo, lakini leo nilikuwa na furaha, nikaacha.

Machi 11, Jumanne

Mvua imeanza. Bati linapiga kelele, mtaa wote umenipotea.

Machi 14, Ijumaa

Zimeletwa nyumbani, tatu, kwenye sanduku moja. Nimezipa majina.

Ya kwanza ni Tofali. Nzito, pana, ina vitufe vikubwa vilivyotuna, kila kimoja na umbo lake: cha kuwasha ni duara, cha kwenda mbele ni pembe, cha kuweka alama mahali ulipoishia kina kinundu katikati. Spika yake inashinda mvua. Niliiangusha sakafuni makusudi, ikaendelea kusoma kama mwalimu aliyetupiwa chaki.

Ya pili ni Kioo. Nyembamba, laini, haina kitufe hata kimoja isipokuwa cha kuwashia. Unapapasa uso wake, inakutajia kilicho chini ya kidole, unagonga mara mbili. Ukigonga mara moja na nusu, inakupeleka usikotaka.

Ya tatu ni Kiberiti. Vitufe vyake ni vya kubonyezwa na sisimizi.

Zote tatu zinasoma Kiswahili kwa sauti ya mtu aliyemeza kijiko, lakini unazoea.

Mdogo wangu aliniuliza naipenda ipi. Nikamwambia mimi si kitu, mimi vidole vyangu vizima. Tuanze na wale wenye shida.

Machi 18, Jumanne

Nimekwenda kwa Msuka viti. Kwa miaka mingi alikuwa msomaji kuliko sisi sote, alikuwa akimaliza kitabu cha nukta nundu mkono mmoja huku mwingine unakunja kamba. Kisha sukari ikamwingia mwilini na ncha za vidole zikafa ganzi. Ni mwaka wa sita hajasoma ukurasa. Anasuka kwa kukumbuka.

Nilimpa Kioo kwanza, ili nisimpendelee. Akapapasa. Kimya. Akapapasa tena, akabonyeza kwa kidole gumba, akakigonga kama mtu anayebisha hodi. Kimya. Ngozi ya vidole vyake ni sugu, kama soli. Kioo kile hakijui kama kimeguswa.

"Hiki kimenidharau," akasema.

Nikampa Tofali. Hakuuliza chochote. Kiganja chake kilitembea juu yake, kikakuta ile duara, akaisukuma kwa kifundo cha kidole. Ikasema karibu. Akaenda kwenye pembe, akabonyeza, mara sauti ikaanza kusoma sura ya kwanza ya kitabu, hadithi ya watu waliohama mji. Nikafungua mdomo nimweleze namna ya kupunguza kasi.

"Nyamaza, Opereta. Kinaanza."

Nikanyamaza saa nzima. Kamba za kiti zilikuwa zimemlalia magotini, hakuzigusa. Wakati wa kuondoka ilinibidi niichukue mashine kutoka mikononi mwake, maana bado wasomaji kumi hawajajaribu. Aliiachia polepole.

"Wataileta lini?"

"Masika hayataisha hujaipata," nikamwambia.

Nisingesema.

Machi 21, Ijumaa

Binti wa chuo ameijaribu Kioo na kuikimbiza kama aliyezaliwa nayo. Tofali hakuitaka hata kuishika.

"Shangazi, nikitoa hili darasani watadhani nimekuja kujenga."

"Lakini linasikika."

"Ndiyo shida yenyewe. Sitaki kusikika. Hiki kingine kinafanana na simu ya mtu yeyote."

Nilikuwa na jibu langu mdomoni, nikalimeza. Ana haki. Kuna upofu wa kutoona na kuna upofu wa kuonwa, na yeye ana miaka ishirini, wa pili unamuuma zaidi. Nimeandika neno lake kama alivyolisema.

Machi 25, Jumanne

Wasomaji kumi na mmoja wamemaliza. Wanane wanataka Tofali, wawili Kioo, mmoja Kiberiti kwa sababu kinaingia kwenye sidiria. Nimeandikisha taarifa, mdogo wangu akichapa. Nimependekeza Tofali hamsini, na Kioo kumi kwa wanafunzi. Nikaeleza habari ya vidole vya Msuka viti.

Akaacha kuchapa. "Dada, hapa pa kusema Kioo hakifai kwa wazee, tupalainishe."

"Pana ukali gani?"

"Basi tu. Watu wa pale wana masikio mepesi."

Nikamwambia achape kama nilivyosema. Nilisikia vidole vyake vikianza upya, taratibu.

Machi 30, Jumapili

Mvua. Hakuna la kuandika.

Aprili 3, Alhamisi

Kikao cha pili. Amekuja mwuzaji wa Kioo. Ananukia marashi kabla hajaingia, kwa hiyo kwangu ni Bwana Marashi. Wauzaji wa zile mbili hawakuwepo. Nilipouliza, nikaambiwa walikuwa mbali.

Alizungumza nusu saa juu ya "vipofu wa kisasa". Nikamwomba afumbe macho atufungulie kitabu. Akacheka, akajaribu. Mashine ikamwambia chagua lugha. Akachagua. Ikamwambia chagua lugha. Mara ya nne nikasikia kofi dogo la kope zake kufunguka, naapa nilisikia. Mjumbe mmoja akacheka kwa pua.

"Ni suala la mazoezi tu, mama," akasema.

"Na mwenye vidole vilivyokufa afanye mazoezi ya nini?"

Mkutubi akaingilia kati akasema tunashukuru sana sana, maoni yote yatazingatiwa. Kumbe alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Njiani mdogo wangu hakusema neno. Nilidhani amechoka. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, na kila mwaka siku hizi huwa hivyo.

Aprili 9, Jumatano

Msuka viti ameniuliza kwa simu kama tayari. Bado.

Aprili 16, Jumatano

Kikao cha tatu, kama ni kikao. Mvua ilipiga lile paa la bati mpaka sikusikia hata kiti changu kikisogezwa. Mvua ya hivyo kwangu ndiyo giza lenyewe. Watu wanaona midomo ikitembea. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya ngoma.

Mdogo wangu akaniinamia sikioni. "Wanasema leo haiwezekani, watapanga siku nyingine. Tia saini ya mahudhurio twende."

Akaniwekea rula chini ya mstari, akanishika kifundo cha mkono. Nikatia saini yangu, ile niliyojifunza nikiwa msichana kabla macho hayajaniaga. Ina mkia mrefu mwishoni. Kila mtu husema ni nzuri.

Tulirudi tumelowa chapachapa. Amenikausha nywele kwa taulo kama mtoto.

Aprili 19, Jumamosi

Mdogo wangu amenisomea gazeti lote, mwanzo mpaka matangazo ya vifo. Nilimwambia inatosha, akaendelea.

Aprili 22, Jumanne

Shangwe! Amepata mkataba wa miaka mitatu. Mitatu, si mmoja. Nilimkumbatia nikajaribu kumzungusha. Alikuwa mzito mikononi mwangu, hakuzunguka.

Nikamuuliza kamati inakutana lini. "Bado, dada."

Mei 2, Ijumaa

Nitaandika yote, hata karatasi ziishe.

Tuliitwa maktaba, wasomaji wote. Sikujua ni ya nini. Mdogo wangu alisema ni mkutano wa wasomaji. Nilikaa na Msuka viti upande wa kulia na Binti wa chuo kushoto. Mkutubi akaanza kuhutubia. Akasema leo ni siku ya kihistoria. Akasema maktaba haikuwachagulia wasioona, bali wasioona wamejichagulia wenyewe, kupitia mwakilishi wao, na kamati imepitisha kwa kauli moja. Makofi. Mimi pia nilipiga. Nilipiga makofi, jamani, nikidhani anatangaza kwamba kikao kitafanyika.

Halafu wakaanza kugawa visanduku. Nikafungua changu. Laini. Nyembamba. Nikakigeuza nikitafuta vitufe upande wa pili kama mwendawazimu.

Kulia kwangu nikasikia hodi. Msuka viti alikuwa anakigonga. Mara moja, mara mbili, akangoja. Akagonga tena. Hakikumjibu.

"Opereta," akasema kwa sauti ya chini. "Hiki ni kile."

"Sikukubali mimi. Hatukuamua. Hakuna kikao kilichoamua."

Nikasimama, nikasema hivyo hivyo kwa sauti, mbele ya watu wote. Mkutubi hakukasirika. Akaja karibu kabisa. "Mama, saini yako ipo. Aprili kumi na sita. Umesahau tu, si dhambi." Akaniwekea karatasi mkononi.

Karatasi! Nimesimama katikati ya watu hamsini wasioona, na karatasi mkononi. Nilipita katikati ya viti mpaka kwenye korido, nikasikia maji ya ndoo, nikajua ni mfagizi. Nikamwomba anisomee. Alisoma polepole, kwa kidole, kama mtu asiyetaka kukosea: sisi wajumbe tuliotia saini hapa chini tumeridhia kwa kauli moja ununuzi wa mashine sitini za kioo cha kugusa. Kisha majina. La tatu langu.

"Na saini?"

"Ipo, mama. Nzuri, ina mkia mrefu."

Nilirudi nyumbani na mdogo wangu kwa miguu. Alikuwa amenishika kiwiko kama siku zote na mimi sikumtoa, kwa sababu mtaro ulikuwa umefurika na sikujua ukingo uko wapi. Hilo nalo nililiona chungu. Nilingoja tufike ndani.

"Uliniambia ni mahudhurio."

Hakubisha. Akaketi. "Aliniambia ni wewe peke yako umebaki. Wanne wameshasaini. Akasema kamati ikikwama fedha zitarudi zilikotoka, mkose zote. Halafu akataja mkataba wangu."

"Kwa hiyo ukaniuza."

"Nimekusomea miaka ishirini na mitatu, dada." Sauti yake ilipanda. "Barua zako, dawa zako, magazeti, vitabu vya watu nisiowajua. Nimerudi kazini macho yananiuma nikakusomea. Mara moja tu, mara moja ndiyo nimekusomea vibaya."

"Mara moja unayoijua wewe. Mimi nitaijuaje?"

Akaanza kulia. Akasema mkataba ule ndio unaotulipia nyumba hii, pensheni yangu inaishia kwenye matone ya macho. Kweli tupu. Akasema nilipoandika ile taarifa kali sikumuuliza hata kidogo yeye atabaki wapi. Hilo nalo kweli. Nilikuwa na jibu moja tu.

"Ulinishika mkono. Ungeniambia unaogopa, ningekuelewa. Ungeniambia saini au nitafukuzwa, pengine ningesaini. Lakini ulinishika mkono."

Mvua ilikuwa imekatika, kwa hiyo nilimsikia vizuri alivyonyamaza.

Mei 3, Jumamosi

Hatuongei.

Mei 7, Jumatano

Mfagizi ameniandikia barua ya kupinga, akanisomea mara mbili bila kuombwa. Nimeipeleka mwenyewe, kwa fimbo. Nilianguka mara moja penye tope. Mbinguni hakuna aliyecheka, lakini duniani walikuwepo.

Binti wa chuo amenipigia kushukuru. Kioo chake kinamfaa mno. Amemaliza vitabu vitatu. Nikamwambia hongera, mwanangu.

Mei 13, Jumanne

Mkutubi ameniita ofisini. Akaniagizia chai. Akauliza, kwa ile sauti laini, "Saini ni yako, mama?"

"Ni yangu."

"Nani alikusomea kabla hujaitia?"

Nikakishika kikombe cha chai.

"Maana nikilifungua jambo hili, swali la kwanza nitakaloulizwa ni hilo. Na mimi sitaweza kudanganya. Karani aliyemsomea mjumbe uongo kwenye karatasi ya serikali, hilo si suala la mkataba tena, ni la polisi. Nami nampenda yule dada, ni mchapakazi." Nilisikia chai ikizunguka, kijiko hakikugusa kikombe hata mara moja. "Fikiria. Barua yako ninayo hapa. Naweza kuiweka kwenye jalada, naweza kukurudishia."

Yeye ndiye aliyemtuma. Anajua kwamba najua. Lakini maneno aliyomwambia mdogo wangu hayako kwenye karatasi yoyote, na mkono ulionishika si wake.

Nilikaa mpaka chai ikapoa. Nilimfikiria mdogo wangu akiwa na miaka minane, akinielekeza ngazi za hospitali wiki ile macho yalipozimika: moja, dada, mbili, dada, tatu. Kisha nikamfikiria Msuka viti akisema nyamaza, kinaanza. Nikawapima kama nyama ya mizani, huyu huku na huyu kule, na nikajichukia kwa kila upande.

Nikanyoosha mkono. Akanirudishia barua.

"Ahsante sana, mama. Sana."

Mei 19, Jumatatu

Msuka viti amekuja mwenyewe, kwa fimbo, mitaa minne. Hajawahi kuja kwangu bila kuletwa. Nikamkaribisha, akakataa kuketi.

"Watu wanasema mengi," akasema. "Wanasema ulipewa kitu. Mimi nimesema hapana, Opereta namjua, amedanganywa. Nimekuja kukuuliza mwenyewe. Ulijua unachotia saini?"

Mdogo wangu alikuwa chumba cha ndani. Alikuwa anapanga vyombo, vyombo vikanyamaza.

Ningeweza kusema sikujua. Lakini swali la pili lingekuwa lile lile la Mkutubi, nani alikusomea, na mzee yule hana siri. Kesho yake wangejua wasomaji wote, keshokutwa polisi.

"Nilijua," nikasema.

Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, kama anayenusa kama ni mimi kweli. Kisha akatoa kitu mfukoni, akanishika mkono, akakiweka kiganjani. Laini, nyembamba, bado kina ile karatasi ya plastiki usoni.

"Kaa nacho. Wewe una vidole."

Fimbo yake ilikwenda mpaka kwenye lango, ikakosa lango mara moja, ikalipata. Sikumfuata.

Mdogo wangu akatoka ndani akasimama nyuma yangu. "Dada," akasema. "Dada, kwa nini?"

"Maliza vyombo," nikamwambia.

Mei 20, Jumanne

Mvua ya kuaga. Ndogo, ya kinafiki.

Mei 24, Jumamosi

Hakuna simu. Zamani Jumamosi wasomaji walikuwa wananipigia mpaka chaji inaisha.

Mei 29, Alhamisi

Jua, siku ya nne mfululizo. Tumeanza kuongea tena, mimi na mdogo wangu, maneno ya nyumbani tu: chumvi, ufunguo, umefunga dirisha. Ni mpole kuliko zamani. Ni upole unaonikera.

Asubuhi imeletwa karatasi kutoka idara ya maji. Akanisomea: maji yatakatwa mtaa wetu kuanzia kesho mpaka Jumatatu, wanatengeneza bomba, watu wajiwekee akiba. Nikamwambia ahsante. Nikangoja aingie ndani, nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni, nikachukua fimbo nikaenda dukani. Nikamwambia muuza duka, nisomee hii.

Akasoma. Kesho mpaka Jumatatu. Bomba. Akiba. Neno kwa neno.

"Kuna lingine?" nikamuuliza.

"Hakuna, mama. Ndiyo hivyo tu."

Nilimwomba arudie, akarudia, akaanza kuhudumia mtu mwingine. Nilirudi polepole. Mlangoni nilisimama nikisikiliza. Mdogo wangu alikuwa uani, anajaza ndoo. Alijaza yangu kwanza, naijua kwa mlio wa mshikio wake.